Kumbikumbi Walipopanda Kitale

Ati kumbikumbi ni wadudu tu. Nikimsikia mtu akisema hivyo, namkata kauli papo hapo. Wadudu tu! Shamba la mama yangu lilikaa juu ya mabawa ya hao wadudu kwa miaka mingi, na kama hujawahi kumwona mjane akingoja mdudu apande mlima ili yeye asifukuzwe kwake, basi nyamaza kwanza nikueleze.

Sisi ni watu wa Bungoma tuliohamia Kitale. Baba alinunua hisa katika shamba la mzungu lililokuwa likigawanywa, akapewa kipande upande unaotazama Mlima Elgon, na huko ndiko nilikozaliwa. Kulikuwa na baridi, wacha mchezo. Mwezi wa saba tulikwenda shule tumevaa sweta juu ya sweta, na vidole havikushika kalamu mpaka jua lipande. Lakini mahindi yalikubali, maziwa yalikuwepo, na mama hakutamani Bungoma hata kidogo isipokuwa kwa kitu kimoja, kumbikumbi. Si kwamba Kitale haikuwa na mchwa. Walikuwepo wadogo waliokula nguzo zetu za ua na kututia hasara. Ila wale wa kwetu, wanene, wenye mafuta, wanaotoka mchana ukiwagongea vijiti juu ya kichuguu mpaka wadhani mvua imeanza, hao walikuwa wa chini kwenye joto. Kule Bungoma kichuguu kina mwenyewe. Mtu huachiwa na babake, na hata jirani akilima mpaka ukingoni hathubutu kugonga kijiti juu yake. Sisi wa Kitale tuliletewa wetu wakiwa wameshakaangwa, ndani ya mikebe, na mama aliwagawa kwa kijiko.

Baba alikufa mwaka uliofuata ule wa njaa na mahindi ya njano ya msaada. Mama alitaka azikwe Kitale, kwenye udongo aliokuwa ameulima kwa mikono yake. Nani alimsikiliza? Kaka yake baba, baba yetu mkubwa, alikuja na lori, akamchukua ndugu yake akamteremsha Bungoma, na huko ndiko tulikomzika. Siku ya tatu watu wakakaa, kama desturi yetu ilivyo, kusema mambo ya marehemu hadharani: nani atawatazama watoto, nini kinabaki, nini kinakwenda wapi. Mjane siku hiyo huketi chini na kunyamaza.

Baba mkubwa alisimama. Alikuwa mrefu, sauti yake ilijaza uwanja, na kusema kweli alipenda kujisikia. Akasema shamba la Kitale liuzwe, mama arudi Bungoma ajengewe nyumba nyuma ya boma lake.

"Kitale ni mahali pa kutafuta pesa," akasema. "Si nyumbani. Hata kumbikumbi wamekataa kuishi huko. Sasa boma bila kichuguu, hiyo ni boma gani, bana? Mgeni akija utampa nini? Baridi?"

Watu wakacheka. Kwenye matanga, watu wakacheka!

Mama akainua kichwa. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona mshipa wa shingo umemsimama.

"Na wakiruka kwangu, shemeji?" akauliza.

Baba mkubwa aliwatazama watu kwanza, akitabasamu. "Wakiruka kwako, mama watoto, mimi mwenyewe nitapanda huko. Nitawala. Kutoka hapo nitaenda kwa chifu niseme shamba ni lako na watoto wako, na sitauliza tena."

"Mmesikia nyinyi wote," mama akasema. "Mpaka siku hiyo, hakuna kuuza."

Neno lililosemwa kwenye kikao hicho haliondolewi, hata kama mwenyewe alikuwa akifanya mzaha. Baba mkubwa alilijua hilo. Lakini alikuwa na hakika kwamba mama atachoka, akiwa peke yake na watoto na ng'ombe. Basi shamba likabaki kwa jina la mtu aliyekufa, na sisi tukabaki juu yake kama wapangaji.

Na alijaribu kumchosha kweli. Kila mwaka baada ya mavuno alituletea mnunuzi, mtu mwenye viatu vya mjini, wakazunguka shamba wakilipima kwa hatua na kunong'onezana. "Tunatazama tu, si kutazama ni bure?" Mama alitoka na jembe begani. Hakutukana mtu. Alianza kulima pale pale mbele ya viatu vya mgeni, udongo ukiruka, mgeni akarudi nyuma, mama naye akasogea akilima, mpaka mgeni akajikuta barabarani. Krismasi tukishuka Bungoma, baba mkubwa hakukosa swali lake: "Wageni wetu wamefika huko juu? Ama bado wanashona sweta?" Nyumba nzima inacheka. Nilimchukia, nasema wazi, na mpaka leo sioni kwa nini nisingemchukia.

Kaka yangu mkubwa alichoka kuchekwa, akajaribu njia ya mkato. Alikwenda kwa mjomba, Bungoma, akaomba kichuguu kimoja, akakichimba mpaka kwa malkia, lile jidudu jeupe lisiloweza hata kujigeuza. Akamweka ndani ya sufuria pamoja na udongo na mchwa wake, akasafiri naye mpaka Kitale amemfunika kwa koti lake mwenyewe, yeye akitetemeka. Tukamzika nyuma ya zizi. Tukarundika mavi ya ng'ombe juu yake ili apate joto. Ikaja mvua ya mawe, na baada yake baridi ile ya kuuma masikio, na tulipofukua tukakuta wote wamekufa. Kaka aliona haya wiki nzima. Mama hata hakusikitika.

"Sitaki wa kubebwa," akasema. "Watakuja wenyewe kwa mabawa yao, na yule mzee atakosa la kusema."

Hapo ndipo alipoanza kuwafuatilia. Mama alikuwa akiuza vitunguu na kabichi katika masoko ya Myanga na Webuye, akishuka na lori la mizigo na kurudi na njugu. Sasa, msimu wa kumbikumbi, kila alipomwona mwanamke ameketi na ungo alisimama. Hakuuliza wametoka wapi, maana muuzaji atakwambia lolote unalotaka kusikia ili ununue. Alipenyeza vidole mpaka chini ya ungo, kwenye vumbi walilokusanywa nalo, akalisugua. Udongo wa Myanga una mchanga. Wa Webuye una vijiwe. Ukipanda kuelekea Kitale unakuwa mwekundu, unashika ngozi, hautoki mpaka uoshe. Miaka ya kwanza vidole vyake vilirudi na vumbi la chini tu. Wauza kumbikumbi wakamzoea. "Amekuja yule mama wa kupapasa," walisema, "nunua basi, ama unatafuta mume humo?"

Halafu siku moja sokoni Webuye vidole vikatoka vyekundu. Mama akamng'ang'ania muuzaji mpaka akasema: amewagongea kwa dada yake, Kamukuywa, kwenye njia ya kupanda Kitale, na wenyeji wa hapo nao wanashangaa, kwa sababu hao wa mchana hawakuwajua. Mama alirudi nyumbani hajanunua hata chumvi. Misimu mingine ikapita bila habari. Kisha wakaonekana Kiminini. Siku hiyo aliingia nyumbani na fundo kwenye leso, akalifungua mezani, mabawa matupu yakamwagika kila mahali hata kwenye ugali.

"Wako Kiminini," akasema. "Kiminini! Wamebakisha kipande kidogo tu." Akacheka mpaka akakaa chini.

Wakati huo nilikuwa chuo cha ualimu, na nilikuwa nimeanza kuona kwamba si kumbikumbi peke yao wanaohama. Mjini Kitale kulikuwa na Kalasinga mmoja mwenye duka la nguo na matandiko, mzaliwa wa hapo hapo, aliyesema Kiswahili kizuri kuliko walimu wangu. Zamani, ikikaribia Juni, blanketi zake nzito zilipangwa mpaka kwenye dari. Mwaka ule tuliingia na mama tukakuta zimerundikwa nyuma, zina vumbi, na mlangoni kunaning'inia neti za mbu.

"Mzee, umeacha blanketi?" mama akamuuliza.

"Blanketi haijaacha mimi, mama, wateja ndio wameacha blanketi," akasema. "Baridi imekwenda wapi, hata sijui. Mtu anakuja ananiuliza neti. Neti, Kitale! Baba yangu angecheka. Chukua hii nzito, nakuuzia kwa hasara."

Mama alichukua, akiwa na furaha tele. Kwake kila blanketi ambayo haikununuliwa ilikuwa hatua moja mbele. Mimi sikuwa na furaha kama yake. Chuoni mwalimu wa jiografia alikuwa ametuambia dunia inapata joto, akatuonyesha picha za barafu za mbali huko. Nilipomweleza habari za Kamukuywa na Kiminini hakunicheka. Alikaa kwenye kona ya meza akauliza maswali mpaka kengele ikalia, kisha akasema, "Endelea kuwatazama, hilo ni jambo la maana sana." Nikamwambia sisi hatuwatazami kwa ajili ya elimu, mwalimu, tunawatazama tupate shamba letu. Na nilikuwa na hasira nilipokuwa nikisema, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba tunaombea nchi iharibike ili tuachwe tukae juu yake. Lakini nani aliyetutia kwenye maombi hayo? Mama hakuyachagua. Aliwekewa sharti na mtu mwenye boma lake tayari, akalikubali, na mimi sitamlaumu kwa kutaka kushinda.

Kichuguu chenyewe kilianza kama uvimbe mdogo kwenye mpaka wetu wa chini, pale palipokuwa na kisiki kilichooza cha mti wa mzungu. Mama alikiona kabla ya mtu yeyote. Alikizungushia miiba, akapiga marufuku kuku, mbuzi na watoto wa jirani. Kaka akataka kukimbia Bungoma siku hiyo hiyo.

"Alisema wakiruka," mama akamzuia. "Hakusema wakijenga. Simpi mwanya."

Kwa hiyo tukangoja tena. Kichuguu hakina haraka. Kilipanda taratibu, mvua ikakimomonyoa, kikapanda tena. Wanunuzi wa baba mkubwa waliendelea kuja, wakakiona, wakapita, kwa sababu kwao kilikuwa rundo la udongo.

Siku yenyewe nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likatoka kali, ardhi ikawa inafuka. Nilikuwa nikifua. Nikaona kuku wote wanakimbia upande mmoja, shingo mbele, kwa kelele. Nikamwita mama. Hakuuliza kuna nini. Aliacha sufuria motoni, akaitoa ile blanketi nzito ya Kalasinga iliyokuwa haijalaliwa hata siku moja, akateremka shambani mbio, kanga imemfunguka, yeye haijali.

Walikuwa wameanza kuchungulia matunduni. Tukakata nyasi, tukachimba shimo kando na kulisiliba kwa tope laini ili atakayeanguka asipande, tukafunika kichuguu kwa blanketi, tukaacha upenyo mmoja wa mwanga juu ya shimo. Mama akalaza gogo kavu la kugongea, akaketi, akashika vijiti viwili. Nilikuwa sijawahi kumwona akigonga. Alianza polepole, matone ya kwanza ya mvua yalivyo, kisha akakaza, mikono ikapotea. Na wakaja. Mungu wangu, walikuja! Walimiminika kwenye shimo wakipanda juu ya wenzao, mabawa yanavuma, na mama analia na kugonga, analia na kugonga. Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja akidhani tuna harusi.

Hatukuwala. Mama aliziba matundu kwa tope ili waliobaki ndani wasimalizike, akamtuma kaka Bungoma. "Mwambie wameruka. Usiongeze neno."

Baba mkubwa alifika kesho yake, na wazee wawili waliokuwepo kwenye kile kikao. Alikuwa amezeeka, fimbo mkononi, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Mama alimwekea sahani ya waliokaangwa. Hakuigusa.

"Hawa wametoka Bungoma ndani ya gunia," akasema. "Mimi si mtoto."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mama akanikata jicho.

"Twende ugonge mwenyewe, shemeji," akasema.

Tukateremka sote. Mama akazibua matundu, akafunika blanketi, akampa baba mkubwa vijiti. Mzee akaketi kwenye kigoda, akagonga. Hawakutoka. Jua lilikuwa limeingia wingu, upepo wa mlimani unapita, na mmoja wa wazee akakohoa kwa namna ambayo sikuipenda. Baba mkubwa akaanza kutabasamu. Mama alisimama nyuma yake, mikono kifuani. "Gonga," akasema. "Usiache. Gonga kama uko kwako."

Akagonga. Wingu likaondoka, na mmoja akatoka, akajikokota kwenye mwanga, akaanguka shimoni. Kisha wengine. Kisha wote. Mzee aliendelea kugonga, hakuacha, na nilipomtazama usoni sikuona tena yule mtu wa kujisikia. Aliokota mmoja akiwa hai, akamtoa mabawa, akamla, akaokota mwingine.

"Kwangu hawajaruka," akasema, bila kumtazama yeyote. "Mwaka huu wala uliopita. Vichuguu vya baba yetu vimenyamaza vyote. Jua limekausha mpaka ndani."

Hapo nilishindwa, jicho la mama au bila jicho la mama. "Basi kwako si boma, baba mkubwa?" nikasema. "Mgeni akija utampa nini?"

Msichana haongei hivyo na baba yake, najua, na sijawahi kuomba msamaha. Mama hakunigombeza. Alichukua ungo, akaujaza pomoni, akauweka kwenye magoti ya shemeji yake.

"Mpelekee mke wako," akamwambia. "Lakini njia yako leo inapitia kwa chifu."

Ikapitia. Alisema mbele ya chifu yale aliyokuwa ameahidi, wazee wakashuhudia, na akapanda gari la jioni ungo mapajani. Tulikuwa na shamba.

Ningependa kuishia hapo. Wiki chache baadaye mama alianguka zizini. Joto kwanza, halafu baridi ya kutetemesha mifupa, halafu joto tena. Alipona, nisikutie wasiwasi, na bado yuko pale pale na anateta kunishinda. Lakini siku hiyo tulimkokota mpaka kliniki mjini tukidhani tunampoteza. Wakampima damu. Malaria. Siku hizo ugonjwa huo Kitale ulihesabiwa kuwa mzigo wa safari, kitu unachokwenda kukiokota chini ukapanda nacho, na kila mgonjwa aliulizwa swali moja.

"Mama, ulikuwa Bungoma lini?" muuguzi akauliza, kalamu tayari.

"Hajaenda tangu Krismasi, hata masoko ya chini ameyaacha," nikaanza kusema. Mama akanisukuma mkono. Alijiinua kwa kiwiko, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Sijaenda Bungoma," akasema. "Nimeumwa na mbu wa hapa. Naye amepanda kwa mabawa yake."

"Hapa kwetu mbu wa malaria ni—"

"Andika Kitale."

"Mama, tulia kwanza, tuseme labda Webuye, ulipita—"

"Sikupita popote. Andika shambani kwangu, Kitale. Si una kalamu? Andika."

Muuguzi akaandika. Mama akalala chali, meno yanagongana, na mimi niliyepiga vigelegele kwenye kichuguu nikamshika miguu isipige chuma cha kitanda.